Uzito wa Mshipi

Anayetoka Thika au Ruiru kwenda kupiga shabaha Kirigiti, Kiambu, ana njia mbili. Anaweza kushuka na Thika Road hadi karibu na Nairobi kisha apande na Kiambu Road, au aiache barabara kuu pale Ruiru na kukata katikati ya mashamba ya kahawa mpaka mjini Kiambu. Wanaojua foleni za Githurai huchagua ya pili. Kiunoni mwa dereva, chini ya koti jepesi, kuna bastola. Nyuma ya gari kuna begi lenye magazini kadhaa, miwani, viziba masikio na boksi za risasi hamsini hamsini. Matatu inampita, bodaboda inampita, mama anayeuza ndizi kando ya barabara anampungia mkono, na hakuna anayejua alichobeba. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwenye silaha ambaye mtaa mzima unajua kwamba ana silaha amekwisha kukosea kabla hata hajafyatua.

Mchezo anaoendea ni ule wa kupiga shabaha kwa vitendo. Husimami mahali pamoja kama katika ule wa Olimpiki, ukashusha pumzi na kulenga duara la karatasi. Unachomoa bastola kiunoni, unasogea, unajificha nyuma ya pipa au ukuta wa mbao, unabadilisha magazini ukiwa mbioni, huku kipima muda kikikuhesabia kila sehemu ya sekunde. Shirikisho la kwanza la kimataifa la mchezo huu, IPSC, lilizaliwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, aliyewahi kuwa ofisa katika kikosi cha Marine cha Marekani. Kaulimbiu yao ina maneno matatu ya Kilatini, ambayo wapigaji huyafasiri kuwa usahihi, nguvu na kasi. Ukitaka kasi ni lazima ulipie kwa usahihi, na ukitaka nguvu utailipia kwa kasi, kwa maana risasi nzito huurusha mkono juu na kukuchelewesha kwenye shabaha inayofuata.

Kilichofuata kinajulikana na kila aliyewahi kuona wanaume wenye pesa wakishindana. Bastola zikaanza kubadilika. Zikawekewa vipunguza mshindo mdomoni, darubini ndogo zenye nukta nyekundu, magazini ndefu zinazomeza risasi karibu thelathini, na mishipi migumu yenye holsta iliyo wazi kiasi kwamba bastola inashikiliwa na kipande kidogo tu. Hayo yote yapo kihalali hadi leo katika daraja linaloitwa Open, na kusema kweli ni raha kuyatazama. Lakini hakuna atakayeingia nayo sokoni Thika chini ya shati. Mwaka 1996 kundi la wapigaji, akiwamo fundi wa bunduki Bill Wilson, likajitenga na kuanzisha IDPA. Kanuni yao kubwa ilikuwa rahisi: njoo na bastola unayoibeba, katika holsta unayoivaa, ndani ya koti unalolivaa. Bastola nyingi za daraja la kawaida hujazwa risasi kumi kwenye magazini, hata kama magazini yenyewe inaweza kubeba kumi na saba.

Mechi za Kirigiti, chini ya chama cha wamiliki wa silaha cha NGAO, hufuata kanuni hizo za IDPA. Naona chaguo hilo lilikuwa na busara zaidi kuliko waliolifanya walivyojua. Kenya haina haki ya kikatiba ya kumiliki bunduki. Sheria ya Silaha, Sura 114, inakupa cheti cha silaha fulani, yenye namba fulani, pamoja na kiasi fulani cha risasi, na cheti hicho hutolewa na kinaweza kuondolewa. Desemba 2018 serikali iliwaamuru wamiliki wote wahakikiwe upya katika muda wa siku 90, na watu waliokuwa na leseni miaka ishirini wakapanga foleni na faili zao mkononi kama wanafunzi wanaotafuta nafasi kidato cha kwanza. Katika nchi ya namna hiyo, bastola ya mashindano pekee ni anasa ya wachache mno. Iliyopo ni ile moja, inayolala nyumbani na kwenda dukani, na Jumamosi inakwenda Kirigiti.

Kwa hiyo swali la vifaa, ambalo kwingineko ni swali la ushindi, huku kwetu linageuka kuwa swali la aina nyingine. Unachagua kitu kitakacholala nyumba moja na watoto wako.

Chukua holsta. Nasikitika kuanza na habari hii, kwa sababu Thika ni mji wa ngozi. Kiwanda cha Bulleys kimeifanya harufu ya ngozi iwe sehemu ya mji, na fundi wa viatu anaweza kukushonea holsta ya kupendeza kwa bei ambayo muuza silaha wa Nairobi angecheka. Ngozi nzuri inatulia mwilini, haibofyi mbavu, haipigi kelele. Lakini ngozi huzeeka. Jasho linailainisha, mdomo wake unaanza kujikunja ndani, na siku moja unaporudisha bastola haraka, kile kikunjo kinaingia mahali ambapo kidole chako kimekatazwa kuingia, yaani kwenye kifyatulio. Bastola inalia ikiwa imeelekea pajani. Ajali za namna hiyo zinajulikana na wakufunzi wa kila nchi. Ndiyo maana kwenye mashindano wengi huvaa holsta ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola ile ile, yenye mdomo usiofumba na inayofunika kifyatulio chote. Haina uzuri wowote. Inafanana na kifuniko cha chombo cha jikoni. Anayesisitiza ngozi na atafute yenye mdomo uliotiwa bamba ngumu, na aitupe ikianza kulegea, hata kama ilishonwa na rafiki.

Mkufunzi mmoja, askari magereza mstaafu wa Ruiru, mji ulio na chuo cha kufunzia askari hao, nilimkuta akimkagua kijana aliyekuja na vifaa vipya. Hakutazama bastola. Alimwambia, "Kijana wangu, vua mshipi." Akaukunja mkononi, akaushika ncha zote mbili na kuupinda kama mtu anayekamua nguo. Ulikuwa mshipi wa suruali ya ofisini, mwembamba, na ukapindika bila ubishi. "Huu utabeba simu," akasema. "Bastola inataka mshipi usiokubali." Kijana akajibu, "Sawa, mzee," lakini macho yake yalikuwa yamebaki kwenye bastola mpya iliyokuwa bado imefungwa ndani ya begi. Mzee akamweleza kwamba mshipi ukilegea, holsta inainama. Holsta ikiinama, mkono unaitafuta bastola. Na mkono unaotafuta hushika vibaya. Akamaliza na kwenda zake kunywa chai.

Nilipenda mpangilio huo wa mambo. Alianza na kitu ambacho hakuna anayejivunia.

Risasi nazo zina hesabu yake. Bastola nyingi ni za 9mm, ile iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, na kichwa cha risasi hiyo hupimwa kwa greni. Za kawaida ni 115, 124 na 147, yaani gramu saba na nusu hivi, nane, na tisa na nusu. IDPA na IPSC zote zina kipimo cha chini cha nguvu: zidisha uzito wa kichwa kwa greni na mwendo wake kwa futi katika sekunde, kisha gawanya kwa 1,000. Kwa bastola ya kawaida ya 9mm ni lazima ufikie 125. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 kwa sekunde inatoa 130, nayo inapita. Ya greni 115 ikienda futi 1,080 inatoa 124 na kidogo, imeanguka, na mwenye nayo anaweza kukataliwa matokeo yake hata kama alipiga kila shabaha katikati.

Sababu ya kipimo hicho inanivutia kuliko kipimo chenyewe. Pasipo kipimo, kila mpigaji angetafuta risasi dhaifu kabisa, isiyourusha mkono, na mchezo ungekuwa wa kupiga vifuu kwa manati. Kanuni inamlazimisha mchezaji abebe uzito kamili wa kitu anachokicheza. Huko Marekani wengi hujaza maganda yao wenyewe gereji, wakipima baruti kwa mizani ndogo hadi wafike 127 au 128, juu kidogo tu ya mpaka. Huku kwetu mpigaji hupiga kile anachouziwa na muuza silaha mwenye leseni: leo Kicheki, mwezi ujao Kituruki. Kiwanda cha serikali cha Eldoret, Kenya Ordnance Factories, nacho hutengeneza risasi za 9mm. Usipokuwa na uhuru wa kuchagua sana, kazi yako inakuwa moja: kuijua tabia ya bastola yako kwa risasi iliyopo. Je, inaimeza? Ganda linaruka safi au linakwama mlangoni? Shimo liko pale ulipolenga au vidole vinne kushoto?

Kwa hilo la kukwama, wakulima walio kando ya ile barabara ya Ruiru wana jibu lao la zamani. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo pale pale kilitoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Waonjaji wa kahawa hawakuisifu. Waliendelea kuitukuza SL28, yenye ladha ya kushangaza na mwili wa kuugua kila msimu. Mkulima asiye na pesa za dawa alipanda Ruiru 11, akavuna. Bastola nzuri ya mchezo huu wetu ni ya kabila hilo. Imetoka kiwandani kama zilivyotoka elfu nyingine, vipuri vyake vinapatikana, haikasiriki ikipewa risasi ya bei nafuu, na haijaguswa na fundi aliyeahidi kulainisha kifyatulio. Kifyatulio kilicholainishwa kupita kiasi ni tamu uwanjani. Usiku wa manane, mlango ukigongwa na mikono ikitetemeka, utamu huo una hatari yake.

Nimeitaja barabara ile mara mbili sasa, na siwezi kuendelea bila kusema kilicho karibu nayo. Gereza la Kamiti liko upande huo huo wa kaunti. Februari 18, 1957, Dedan Kimathi, mpiganaji wa msituni dhidi ya ukoloni, alinyongwa ndani yake. Watu wengi wanadhani alihukumiwa kwa uasi au kwa kuongoza vita vya msituni. Shitaka lililomtia kitanzi mbele ya Jaji Mkuu O'Connor kule Nyeri lilikuwa la vifaa: bastola moja ya .38 na risasi sita. Chini ya kanuni za hali ya hatari, Mwafrika kukutwa na risasi bila ruhusa kulitosha kumnyonga. Wapiganaji wenzake msituni walikuwa wakijitengenezea bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na vipande vya mpira wa tyubu, na nyingine zililipuka usoni mwa aliyezishika.

Sasa mjukuu wa kizazi hicho anapita karibu na lango hilo akiwa na risasi mia mbili ndani ya begi, cheti mfukoni, akienda kucheza. Na pale Ruiru penyewe, Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha serikali cha silaha ndogo kilichotajwa kuwa na uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Miaka 64 kati ya mambo hayo mawili. Sisemi kwamba huyo mchezaji aone haya. Ila sidhani kama anaweza kuwa na haki ya kuwa mzembe. Kitu alichonacho kiunoni kilikuwa hukumu ya kifo kwa babu yake, na majirani zake wengi bado wanakijua kwa sura moja tu, ile ya jambazi au ile ya askari aliyekuja usiku.

Kuna wanaosema, basi mchezo wenyewe ni upuuzi, fanyeni riadha. Hoja hiyo naiheshimu. Mwenye leseni anayekunywa pombe huku bastola ikiwa kiunoni ametupa sababu nyingi za kuikubali. Vilabu vya usiku vya Nairobi vimeshuhudia. Lakini mimi natazama pia Septemba 21, 2013. Washambuliaji walipoingia jumba la maduka la Westgate, kati ya waliowafuata mapema ndani walikuwamo polisi wachache na raia wenye leseni, wakiwa na bastola dhidi ya bunduki za kivita. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao. Alikwenda kumtafuta nduguye na akaishia kuwasaidia wasiowajua kutoka. Waliuawa watu 67 katika shambulio lile. Ndani ya jengo lililojaa moshi na watu wanaokimbia, uwezo wa kutofyatua unahitajika zaidi kuliko uwezo wa kufyatua, na uwezo huo haupatikani kwa kuchomoa bastola mara moja kwa mwaka ili kukaguliwa namba.

Uwanjani Kirigiti jambo hilo lina sura. Kati ya shabaha za kadibodi hupangwa nyingine za umbo lile lile, urefu ule ule, tofauti yake ni moja: zimechorwa viganja viwili vilivyo wazi. Huyo ni raia asiye na hatia. Mara nyingi husimamishwa mbele ya mbaya, amemfunika nusu ya kifua, na unabaki na bega moja tu la kulenga. Ukimpiga, unaongezewa sekunde tano. Kwa mtu anayemaliza hatua nzima kwa sekunde kumi na tano, tano ni msiba, ushindi umekwenda. Hata hivyo sekunde tano ni bei ya kuchekesha kwa roho ya mtu, na nimeona wapigaji wazuri wakisimama mbele ya kadibodi hiyo baada ya mlio wa mwisho, wakiweka kidole kwenye tundu la risasi bila kusema neno, wakati mwandishi wa alama akisubiri waondoke.

Hapa ndipo ninapouona ubora wa vifaa visivyo na mbwembwe. Mwenye bastola ya kawaida na risasi kumi hawezi kumwaga moto ili kufidia macho. Inambidi atazame kwanza. Mwenye magazini ya thelathini na nukta nyekundu anaweza kuwa bingwa wa kweli, na mabingwa wa Open ni watu wenye nidhamu ya ajabu, lakini kwa mwanafunzi wingi wa risasi hufundisha tabia mbaya mapema.

Pesa nazo zizungumzwe, kwa maana mchezo huu ni ghali na wengi hupotea hapo. Kosa la kawaida ni kumaliza akiba yote kwenye bastola, kisha kupiga risasi ishirini kwa mwaka kwa sababu boksi ni ghali. Afadhali bastola ya bei ya kati na risasi za kutosha. Na risasi zikiadimika, lipo zoezi lisilogharimu chochote: kuchomoa na kufyatua bila risasi, nyumbani, magazini na risasi zote zikiwa zimefungiwa chumba kingine, bastola ikiwa imekaguliwa mara mbili kwa macho na mara moja kwa kidole, na ikielekezwa ukuta wa mawe. Wapigaji wakubwa hufanya hivyo jioni nyingi kuliko wanavyokwenda uwanjani. Ni kazi ya kuchosha isiyo na mashabiki. Kwa ushamba wangu, mtu asiyeiweza sioni kwa nini apewe cheti.

Halafu sanduku la chuma. Ajabu ni kwamba katika mazungumzo yote ya vifaa, miwani ya aina gani, viziba masikio vya umeme au vya kawaida, sanduku hutajwa mwisho au halitajwi kabisa, labda kwa sababu haliji uwanjani. Mafundi wa kuchomea vyuma wa Thika wanaweza kuunda la kufungwa ukutani kwa boliti nne. Mshindi wa Jumamosi ambaye Jumapili bastola yake iko juu ya kabati, chini ya shuka, hajashinda chochote ninachokijua.

Mwisho wa kila hatua msimamizi wa usalama humwamuru mpigaji atoe magazini, avute kitelezi nyuma na kuonyesha. Kisha msimamizi huinama, uso karibu na chuma, na kuchungulia chumba cha risasi kama kweli ni kitupu. Hufanya hivyo kwa bingwa wa taifa na kwa mgeni wa kwanza, kwa tajiri na kwa koplo. Hakuna anayekasirika. Ukiangusha bastola, au mtutu ukapita mpaka wa usalama, unaondolewa kwenye mashindano siku hiyo hiyo, na unatazama waliobaki ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Basi wewe uliyepata cheti mwezi huu, uko Ruiru au Makongeni au Juja, na umekwisha kuanza kutazama picha za bastola kwenye simu usiku: agiza kwanza sanduku. Nunua mshipi usiokubali na holsta inayofunika kifyatulio. Weka pesa ya risasi za miezi sita. Kisha nenda Kirigiti siku ya mashindano bila silaha yoyote, omba kusaidia kubandika viraka kwenye kadibodi zilizotobolewa, na uangalie matundu yako wapi. Ukirudi nyumbani, ndipo ukanunue bastola.